Mtoro wa Jumuiya: Uchambuzi wa Mazishi Yaliyogomewa

Jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani kwake ilikataa kumzika baba yangu mdogo. Uamuzi ulitolewa usiku, mwili ukiwa bado mochwari, na sababu yake ilikuwa fupi: marehemu alikuwa mtoro. Kwa zaidi ya miaka mitatu jina lake halikuwekewa alama kwenye daftari la mahudhurio, kadi ya zaka hakuwa nayo, na kwenye mchango wa ujenzi mstari wake ulikuwa mtupu. Kwa utaratibu wa pale, mtu wa namna hiyo hapigiwi kengele, kwaya haimwimbii, na kasisi wala katekista haendi makaburini kwa ajili yake. Familia huambiwa: mzikeni wenyewe.

Mtu huyohuyo alikuwa akimpelekea maji kila alfajiri bibi kipofu ambaye si ndugu yake, si wa kabila lake wala si wa dini yake, na hakuwahi kumdai hata shilingi. Alifanya hivyo kwa miaka mingi mpaka kijiji kikazoea na kuacha kutazama.

Tangu mazishi hayo nimesikia kisa hiki kikisimuliwa kwa namna mbili. Wenye hasira husema kanisa limekufa, kinachotakiwa ni utu tu, na kusali ni kupoteza muda. Wanaolitetea kanisa husema sheria ni msumeno, na aliyelikimbia kanisa akiwa hai asilitafute akiwa maiti. Kila simulizi imeacha nje mambo yasiyoifaa. Nimejitahidi kuyarudisha. Kijiji sitakitaja, zaidi ya kusema kiko Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Dhehebu pia sitalitaja, maana utaratibu huu haupo kwenye dhehebu moja tu. Mjane wa marehemu ni mdogo wake mama yangu, kwa hiyo upande ninao, na nitausema bila kujificha.

Bila kuanza na maji, kisa hiki hakieleweki. Ugogo tuna msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka mzima mara nyingi hazifiki milimita 600. Kuanzia Juni makorongo yanakauka, watu wanachimba mchangani kutafuta maji yaliyojificha chini, na mahali penye kisima kirefu foleni ya ndoo inaanza kupangwa usiku. Anayefuatilia maji kwa miguu anatumia nusu ya siku. Ndiyo maana kila kijiji kina watu wenye punda, wanaobeba madumu ya lita ishirini ishirini, mawili kila ubavu, na kuyauza kwa mama ntilie, kwa mafundi wanaofyatua tofali na kwa nyumba zisizo na mtu wa kutuma. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Alikuwa na punda wawili, na ndio waliowasomesha watoto wake.

Mwenyekiti wa jumuiya alitukumbusha jambo hilo pale msibani: marehemu alikuwa mfanyabiashara wa maji, tusimgeuze mtakatifu. Ni kweli alikuwa mfanyabiashara. Lakini yeyote anayeijua kazi ile anajua kwamba safari ya kwanza ya siku ndiyo yenye thamani. Wateja wanaigombania, kwa sababu tofali zinafyatuliwa asubuhi na chai inachemshwa asubuhi. Katika safari ile ya kwanza, madumu mawili yalikuwa ya bibi. Angeweza kumpelekea saa nane mchana, punda wakiwa hawana kazi, na bado angeitwa mtu mwema. Alimpa saa ambayo ingemwingizia fedha. Mimi kujitoa kwa mtu hukupimia hapo: sitazami ukubwa wa kilichotolewa, natazama kama mtoaji amesikia maumivu ya kukikosa.

Bibi mwenyewe ni Mrangi wa Kondoa aliyeolewa huku. Mume alikufa, watoto wakatawanyika, amebaki na mjukuu wa darasa la pili. Upofu wake ni wa vikope, trakoma, ugonjwa ambao mkoa wetu unaujua vizuri mno, hasa upande wa Kongwa. Maambukizi yanakuja na inzi, na vidole, na khanga moja inayofuta nyuso za watoto wote. Mtoto anapona, anaambukizwa tena, na tena. Baada ya miaka mingi kope la ndani linajaa makovu, linakunjika, na nywele za kope zinageuka kukwaruza mboni kila anapopepesa jicho. Wanawake huumia kuliko wanaume kwa kuwa wao ndio walezi wa watoto. Dawa ipo, upasuaji mdogo wa kurekebisha kope upo, ila kinga mojawapo iliyo rahisi kuliko zote ni kunawa uso. Kunawa uso kunataka maji yawepo nyumbani, si kilomita tatu kutoka nyumbani. Kwa hiyo madumu yale mawili hayakuwa ya kunywa na kupikia peke yake. Yalikuwa yanalinda macho ya mjukuu yasiende njia ya macho ya bibi yake. Sidhani kama baba mdogo alilifikiria kwa maneno hayo. Bibi alilifikiria, na ndiye aliyenieleza.

Sasa tuje kwenye daftari.

Jumuiya hukutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba. Saa hiyo baba mdogo alikuwa njiani na punda. Ndugu zangu wengi huishia hapo: alikosa ibada kwa sababu alikuwa kwenye kazi ya huruma, basi kesi imekwisha. Ingekuwa hivyo ningeandika ukurasa mmoja tu. Lakini Jumapili je? Ibada ya Jumapili ilianza saa nne, punda wakiwa wamefunguliwa zamani, na hakwenda. Mwenyekiti alilisema hilo mbele ya watu wote na hakuna aliyeweza kumjibu.

Jibu analo mama mdogo, na alinipa baadaye. Mwaka ule mchango wa ujenzi ulipopangwa kwa kila kaya, punda mmoja alikuwa amekufa na fedha haikuwepo. Jumapili moja majina ya wasiomaliza yalisomwa kabla ya tangazo la mwisho. La kwake lilikuwemo. Hakugombana na mtu. Aliendelea kwenda majuma machache, kisha akaacha. Mkewe alipomuuliza, alimjibu kwamba akikaa pale anasubiri kusikia jina lake, na mtu anayesubiri kusikia jina lake hawezi kusali. Kila Jumapili aliendelea kumwamsha mama mdogo mapema, akimpa na hela ya sadaka. Na kila usiku, kabla ya kulala, alisema Baba Yetu akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Tendo hilo halikuwa na mahali pa kuwekewa alama katika daftari la mtu yeyote.

Hapa ndipo ninapoona swali lenyewe liliwekwa vibaya tangu msibani. Watu walibishana kama matendo mema ni makubwa kuliko imani. Lakini hakuna aliyekuwa na ushahidi kwamba marehemu alikosa imani. Alichokosa ni mahudhurio. Imani iko moyoni mwa mtu na kwa Mungu wake, ibada ni kumwelekea huyo Mungu peke yako au pamoja na wenzako, na mahudhurio ni alama ya kalamu. Alama ya kalamu ni rahisi kuhesabu, ndiyo maana ndiyo iliyohesabiwa.

Katekista aliyekuja kutangaza uamuzi alisoma Waefeso sura ya 2, mstari wa 8 na wa 9: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Alimaanisha kwamba maji ya bibi hayawezi kumnunulia marehemu nafasi. Nakubaliana naye kabisa, na namwomba asogee hatua moja tu mbele. Kama mtu haokolewi kwa matendo, kuhudhuria ni tendo, zaka ni tendo, mchango wa bati ni tendo. Huwezi kulifungia mlango tendo la maji kwa mstari huo halafu ukaufungua kwa tendo la daftari. Na mstari wa 10, ambao hakuusoma, unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema.

Maandiko yanayohusu mgongano wa namna hii ni mengi na hayana kigugumizi. Hosea 6:6 inasema Mungu anataka rehema wala si sadaka, na Yesu aliurudia mstari huo mara mbili katika Injili ya Mathayo, mara zote akiwajibu watu wa dini waliokuwa wakihukumu wenzao. Yakobo 1:27 inaitaja dini iliyo safi, kisha inataja kwanza yatima na wajane katika dhiki yao. Bibi ni mjane na mjukuu wake ni yatima wa mama. Mathayo 5 inamwambia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane. Hapo mpangilio umetolewa waziwazi: madhabahu itangoja. Na katika Mathayo 25, kwenye hukumu ya kondoo na mbuzi, waliowekwa kuume wanashangaa. Wanauliza ni lini walimwona Bwana ana kiu wakamnywesha. Hawakujua. Walimnywesha mtu tu, kwa sababu alikuwa na kiu, bila hesabu ya thawabu. Nikisoma sura ile siwezi kutouona mlango wa bibi wa Kondoa saa kumi na moja alfajiri.

Hata sheria iliyoandikwa ni laini kuliko desturi ya vijiji vyetu. Chukua Kanisa Katoliki, ambalo sheria zake ziko kitabuni na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Kanuni ya 1184 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawanyima mazishi ya kikanisa walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu za kupinga imani ya Kikristo, na wakosefu wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini. Na hao wote, endapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Penye shaka, askofu wa mahali aulizwe. Kukosa jumuiya hakumo. Mchango wa ujenzi haumo. Mahali pengi viongozi wa chini wameongeza masharti ya kwao juu ya sheria, na kwa mfiwa yanasikika kama amri ya Mungu.

Hata hivyo ningekuwa mwongo kama ningemchora mwenyekiti wa jumuiya kuwa mtu katili. Nimekaa naye kwake, kwa heshima zote, na akanieleza. Jumuiya hizi hazikuzaliwa ili kuandika watoro. Kwa Wakatoliki wa Afrika Mashariki, maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa ukanda huu, walizifanya kipaumbele katika mikutano yao ya 1973 na 1976, wakitaka kanisa liwe la majirani wanaojuana kwa majina, wanaotembelea wagonjwa na kusaidiana, badala ya umati unaoonana Jumapili na kutawanyika. Madhehebu mengine yana mpango unaofanana na huo. Na zinafanya kazi. Mtu akifiwa, jumuiya ndiyo inayoleta kuni, maji, unga na wa kulala msibani. Mwenyekiti aliniuliza: wanaobeba mzigo huo ni nani? Ni walewale, kila mara. Alinitajia mama mmoja muuza karanga asiyekosa mia tano yake kila juma. Akifa mtu asiyewahi kuchangia wala kuhudhuria, akazikwa kwa heshima ileile, mama yule atajiuliza yeye anachangia nini. Kanisa litakuwa chama cha mazishi kwa wasiokuwa wanachama.

Hoja hiyo ni nzito na sikubaliani na wanaoicheka. Utaratibu unamlinda mnyonge anayechangia asibebeshwe na mjanja asiyechangia. Lakini utaratibu uliowekwa kumkamata mjanja ulimkamata mtu aliyekuwa akibeba mzigo wa jirani pasipo kutumwa, na hakuna aliyekwenda nyumbani kwake hata siku moja kuuliza kwa nini haonekani. Miaka mitatu! Nyumba ya mwenyekiti iko umbali wa kuitana. Yesu alimsifu mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja aliyepotea, na sisi tuliokua tukichunga tunaujua mfano huo kwa miguu yetu: mnyama asiporudi jioni hukai zizini kuandika, unachukua fimbo unaingia porini. Kosa la jumuiya naliona hapo kuliko kwenye usiku wa msiba. Usiku wa msiba walimalizia tu jambo walilolianza zamani.

Kuna mtu wa tatu ambaye wasimuliaji wengi humtaja kwa sentensi moja, nami sitaki kumpita haraka. Shehe wa msikiti wa pale alifika usiku uleule na vijana wenye majembe na sururu. Alisema mambo mawili. Kaburi watachimba wao, kwa sababu marehemu alikuwa akimbeba bibi yao kwa punda kila Idd hadi uwanja wa sala, akamsubiri chini ya mti na kumrudisha. Lakini swala ya jeneza hawezi kumsalia, kwa kuwa hakuwa Mwislamu, na kumsalia kungekuwa kumsemea maiti neno ambalo yeye mwenyewe hakulisema akiwa hai. Baadhi ya ndugu zangu walinung'unika kwamba hata yeye ni walewale. Mimi niliona heshima kubwa. Alikataa jambo moja kwa ajili ya imani yake na palepale akashika jembe. Jumuiya ilikataa, ikaenda kulala.

Siku za matanga nilimfuata shehe kuzungumza. Nilitarajia anisomee Surat al-Maun, na kweli alinisomea. Ni aya saba tu. Inamtaja anayekadhibisha dini kuwa ni yule anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulisha maskini, halafu inatoa ole kwa wanaosali huku wakighafilika na sala zao, wanaojionyesha na kunyima misaada midogo. Miongoni mwa wafasiri wa mwanzo wapo waliotolea mfano wa misaada hiyo vitu ambavyo majirani huazimana: shoka, chungu, ndoo ya maji. Akaongeza Surat al-Baqara aya ya 177, inayosema wema si kugeuza nyuso mashariki na magharibi. Nikadhani amekubaliana na mimi kwamba utu unatosha.

Hakunikubalia. Alinikumbusha kwamba aya hiyohiyo ya 177 inataja kwanza kumwamini Mwenyezi Mungu, Siku ya Mwisho, malaika, Kitabu na manabii, ndipo inafika kwenye kutoa mali kwa jamaa, mayatima na maskini, kisha inarudi kwenye kusimamisha sala na kutoa zaka. Havikutenganishwa. Halafu akanipa Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim: Bibi Aisha alimuuliza Mtume kuhusu Ibn Jud'an, mtu wa zama za ujahilia aliyeunga udugu na kulisha maskini, je, yatamfaa? Mtume akasema hayatamfaa, kwa sababu hakuwahi hata siku moja kusema: Mola wangu, nisamehe makosa yangu Siku ya Malipo. Shehe alinipa Hadithi hiyo kwa upole, akijua inauma, kwa sababu hakutaka niondoke na dini niliyoichuja nikabakiza inayonipendeza. Kisha akaniuliza: baba yako mdogo alikuwa akisema nini usiku? Nikamwambia Baba Yetu. Sala ile ina ombi la kusamehewa katikati yake. Hatukuzungumza zaidi juu ya hilo.

Kwa hiyo msimamo wangu, niuseme sasa. Pale maisha ya kujitoa na mahudhurio ya ibada yanapogongana kwelikweli, saa moja, mtu mmoja, mlango mmoja, kujitoa kunatangulia. Sikuyatoa haya kichwani mwangu. Vitabu vya waamini wenyewe ndivyo vinavyosema hivyo. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa mtu wa misa, aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York mwaka 1970 kwamba kanisa lisiposhiriki vita ya kuondoa hali zinazowaweka watu katika ufukara, watu watalihesabu kuwa halina maana kwao. Hakusema waache kusali. Mimi namwelewa hivi: sala yao ionekane upande gani wa ufukara imesimama. Ibada ikimwona mtu aliyebeba maji ya kipofu na kumwita mtoro, imeshindwa kulitambua tunda la mti wake yenyewe.

Mtoto wa marehemu, mdogo wangu anayeendesha bodaboda mjini Dodoma, anataka niende mbali zaidi. Ameapa hatakanyaga kanisani tena na anasema baba yake alithibitisha kwamba dini haina kazi. Nimemkatalia, na nitaendelea kumkatalia. Baba yake hakuthibitisha hivyo. Baba yake alitoa hela ya sadaka ya mkewe mpaka Jumapili ya mwisho. Na mdogo wangu, tangu azike, hajafika kwa bibi hata mara moja. Anayesema utu unatosha ana wajibu wa kuuonyesha huo utu, tena alfajiri, tena kila siku, na si kila mtu anayekimbia ibada anakimbilia kwa jirani.

Mazishi yenyewe nitayapita upesi. Katekista mmoja mstaafu alikuja akiwa raia wa kawaida, bila vazi la ibada, akasoma Mathayo 25 na kuomba. Vijana wa msikitini walifukia pamoja na sisi. Watu walikuwa wengi.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachonizuia kukifunga kisa hiki kwa ushindi wa upande wangu. Siku tatu za msiba, watu zaidi ya mia walikaa ua ule wakibishana juu ya heshima ya mtu aliyempelekea bibi maji, na katika siku hizo tatu hakuna aliyempelekea bibi maji. Punda walifungwa mtini wakila majani. Mjukuu alikwenda bombani mwenyewe na kidumu cha lita tano, akakosa shule. Aliyegundua ni mwanamke wa jumuiya ileile iliyokataa kuzika. Jumamosi ilipofika, zamu yake ilikuwa kutembelea wagonjwa na wazee wa mtaa, wa dini yoyote, kama wafanyavyo kila mwezi. Alikuta mtungi mkavu. Aliondoka, akarudi na ndoo kichwani.

Jambo hilo nimelitafakari kuliko andiko lolote nililolitaja hapo juu. Kujitoa kwa baba mdogo kulikuwa kukubwa, na kuliishia kwenye pumzi yake. Hakumrithisha mtu. Hakumwomba jirani amsaidie hata siku alizougua, alikwenda akikohoa. Huenda aibu ya kusomwa jina ilimfundisha kutomhitaji mtu yeyote. Mtu mmoja mwema anaweza kubeba mlango mmoja kwa miaka mingi, lakini akianguka, mlango unaanguka naye. Watu wanaokutana kila juma kwa jina la Mungu, wakiwa na zamu, daftari na mazoea yao, wanaweza kukumbuka kitu ambacho huruma ya mtu mmoja mmoja imekisahau. Ndiyo maana naudai utaratibu ule urekebishwe na sitaki ufutwe. Daftari linaloandika nani hakuja lingeweza pia kuandika nani hana maji. Kalamu ni ileile.

Kasisi amekuja mara moja tangu hapo. Alikubali mbele ya mama mdogo kwamba kumnyima mtu mazishi kwa ajili ya daftari si sheria, ni mazoea ya viongozi, na akajitolea kuongoza ibada ya kumbukumbu. Mama mdogo amekubali. Mwanawe amekataa kuhudhuria. Familia tumeandika barua yenye ombi moja: mtu yeyote asiitwe mtoro kabla wawili wa jumuiya hawajafika kwake, saa ileile anayokosekana, wakaona yuko wapi na anafanya nini. Hatukudai kuombwa radhi wala kulipwa fidia. Kikao cha viongozi cha kuijadili barua hiyo hakijakaa.

Maji ya bibi sasa yana zamu. Wanawake wa jumuiya wamechukua siku nne na wanawake wa msikitini siku mbili, kwa makubaliano ya mama mdogo na mke wa shehe, na punda wa marehemu ndio wanaotumika. Jumanne haijapata mtu, kwa sababu ni siku ya mnada na kila mwenye mikono anakwenda mnadani. Nimemwambia mdogo wangu wa bodaboda kwamba kutoka mjini mpaka pale ni mwendo wa saa moja na kidogo, na siku hiyo iko wazi kwa mtu asiye na jumuiya.